Dawa Ikishaandikwa, Nani Anauliza Kama Imefika?

Kwa mgonjwa wa nje, kazi ya daktari huishia kwenye kuandika dawa. Cheti kinatoka mikononi mwake, siku hizi mara nyingi si karatasi tena bali majina ya dawa kwenye kompyuta yenye GoTHOMIS, mfumo wa kielektroniki wa kuendesha shughuli za vituo vya afya vya serikali. Mgonjwa anakwenda kulipia, anapanga foleni, anafika dirisha la dawa. Hapo ataambiwa dawa zako hizi, au ataambiwa mbili zipo, hii ya tatu kanunue nje. Kuanzia dakika hiyo daktari hana habari naye. Mgonjwa aliyekuja Tabora mjini kutoka Sikonge au Kaliua anaweza kuinunua ile ya tatu siku hiyohiyo, anaweza kununua nusu yake, anaweza kupanda basi akiwa na nia ya kuitafuta hukohuko kwao, na anaweza asiitafute kabisa. Kwenye kumbukumbu za kituo, yote manne yanasomeka kwa namna moja: amehudhuria, amepimwa, ametibiwa.

Je, kuna daktari anayefuatilia? Wapo wanaouliza kwa hiari yao, wakikumbuka na foleni ikiwaruhusu. Lakini hakuna anayetakiwa kuuliza, hakuna mahali maalumu pa kuandika jibu, na hata likiandikwa hakuna anayekuja kulisoma. Ninachodai ni kwamba swali la "umezipata dawa zote?" si upole wa ziada wa daktari mwenye moyo mzuri. Ni kipimo, sawa na kupima presha, na matokeo yake yanauhusu mfumo wa afya kuliko yanavyomhusu mgonjwa mwenyewe. Nadai pia kwamba Tanzania haiwezi kujitetea kuwa haijui namna ya kuuliza, kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi huo dunia iliupata hapa.

Tusidhani huu ni ugonjwa wa nchi maskini peke yake. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, watafiti walichukua vyeti 195,930 vilivyoandikwa kwa kompyuta wakavilinganisha na madai ya bima ya dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba asilimia 22 ya vyeti hivyo havikuchukuliwa dawa, na kwa dawa ambazo mgonjwa alikuwa ndiyo kwanza anaanzishiwa, asilimia 28. Miaka minne baadaye wenzao wa Quebec, Kanada, waliofuatilia wagonjwa karibu 16,000, walikuta asilimia 31 ya dawa mpya hazikuchukuliwa hata baada ya miezi tisa. Hao ni watu wa mahali ambapo sheria inamtaka kila mkazi awe na bima ya dawa, na bado wale waliotakiwa kuchangia zaidi mfukoni ndio waliozidi kuziacha. Mimi asilimia hizo hazinishtui sana. Kinachonishtua ni kwamba hadi mtu alipokaa akafungua vitabu viwili kwa pamoja, cha daktari na cha duka, madaktari wenyewe hawakuwa wanajua.

Kutojua huko kuna madhara yake kitabibu, na hayaonekani vizuri popote kama kwenye presha. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban asilimia 26 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu. Chukua mmoja wao. Ameandikiwa amlodipini, kidonge kimoja kwa siku, akaambiwa arudi baada ya mwezi. Amerudi, mashine inasoma 170 kwa 100. Daktari ana maelezo mawili yanayowezekana: dawa ameimeza lakini haitoshi, au dawa hakuimeza. Tiba ya hali ya kwanza ni kuongeza dozi au kuongeza dawa ya pili. Tiba ya hali ya pili ni kuzungumza kuhusu bei, umbali, na dawa ipi inapatikana karibu na kwake. Asiyeuliza huchukulia kwamba ni ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo aliyofundishwa kuitibu. Basi mtu aliyeshindwa kununua kidonge kimoja anaondoka ameandikiwa viwili. Mwezi unaofuata presha bado iko juu, na kwenye faili linaingia neno zito kwamba ugonjwa wake ni mgumu kudhibitika. Mambo yanaweza kwenda kombo kwa upande mwingine pia. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa Urambo au Kaliua, hela inaingia mara moja kwa mwaka. Mkulima ananunua kila kilichoandikwa, anameza dozi iliyopandishwa mara mbili bila mwili wake kuwahi kuonja hata ile ya mwanzo, na presha inaporomoka. Daktari aliyepandisha dozi hakukosea hesabu. Alipewa hesabu yenye tarakimu moja pungufu.

Kwa viuavijasumu hali ni hiyohiyo, ila hapa anayeumia si mgonjwa peke yake. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, leo yametapakaa hadi vijijini, na kwa mengi ni jambo la kushukuru. Lakini muuzaji akishaambiwa kiasi cha hela kilichopo, anachukua mkasi na kukata ukanda wa vidonge: amoksilini ya siku saba inauzwa ya siku mbili. Muuzaji anajua alichokata. Mgonjwa anajua. Asiyejua ni yule aliyeandika, na homa ikirudi yeye ndiye atakayeamua kwamba dawa imegoma na kuandika iliyo kali zaidi.

Tabora ina sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa ulikuwa mji wa kupokea mizigo iliyotumwa kutoka mbali. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa ikafika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na hapo njia iligawanyika, moja ikielekea Ujiji. Kisa cha David Livingstone, mmisionari aliyekuwa pia daktari, kinajulikana kwa ule mkutano wake na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, lakini ukikisoma kwa jicho la mfamasia kinasema jambo jingine. Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa, kwinini ikiwa ndani, naye akaandika katika shajara yake kwamba alijihisi kama mtu aliyehukumiwa kifo. Miaka iliyofuata bidhaa zake zilitumwa kutoka Zanzibar, chini ya usimamizi wa John Kirk, ambaye naye alikuwa daktari. Zilicheleweshwa pwani, zikakaa Unyanyembe, na zile zilizofika Ujiji ziliuzwa na yule aliyekabidhiwa kuzilinda. Livingstone alipoingia Ujiji Oktoba 1871, akiwa hoi kwa kuhara damu, hakukuta kitu. Zanzibar ilijua ilichotuma. Stanley alipomfikisha Kwihara, nje kidogo ya Tabora, Februari 1872, Livingstone alikaa hadi Agosti akisubiri tena mzigo na watu kutoka pwani, na tembe alilokaa bado linaonyeshwa kwa wageni.

Leo Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1993, ina kanda yake Tabora, na mzigo haukabidhiwi tena wilayani tu bali hupelekwa hadi mlangoni mwa kituo, na kila mkono unaopokea unaweka sahihi. Tumeziba mianya karibu yote ya njia ile ndefu. Uliobaki ni ule mfupi kuliko yote, kutoka dirisha la dawa hadi kwenye kinywa cha mgonjwa. Huo hauna mwenyewe.

Nilisema ujuzi wa kuufuatilia upo hapa. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na mshauri wake mkuu wa kitaalamu alikuwa Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia. Dawa zilikuwapo zamani. Kilichokosekana ni namna ya kujua nani amezimeza. Styblo na wenzake Watanzania waliweka kitu kinachochosha kukieleza: kadi ya matibabu yenye kijisanduku cha kila siku, rejista ya wilaya, mratibu wa wilaya anayezunguka vituoni, na ripoti ya kila robo mwaka inayosema, katika kundi walioanza dawa wakati fulani, wangapi wamepona, wangapi wamekufa, wangapi wamepotea. Mgonjwa asipofika siku yake, kijisanduku kinabaki kitupu, na mtu anatumwa kumtafuta. Utaratibu huo ndio uliochukuliwa na Shirika la Afya Duniani na kusambazwa kwa jina la DOTS katika miaka ya 1990. Watabibu wa zahanati za Tanzania walikuwa wameshaufanya kwa kalamu na daftari.

Huduma za virusi vya UKIMWI zikafuata mkondo huo. Tangu mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi uanze mwaka 2004, kliniki za tiba na matunzo zimekuwa na kadi, tarehe ya kurudi, na hesabu ya vidonge vilivyobaki. Kuna WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi ambao humtafuta mwenzao aliyekosa tarehe. Kwa hiyo katika jengo moja, pengine kwenye korido moja, yupo mgonjwa ambaye asipochukua dawa zake simu itaita ndani ya wiki, na yupo wa presha au kisukari au kifafa ambaye asipochukua zake hakuna atakayejua hadi aletwe amepooza.

Atakayenipinga kwanza atasema mfano huo haufai, kwa sababu kifua kikuu huambukiza, dawa zake hutolewa bure, na fedha nyingi za huduma hizo zimetoka kwa wafadhili. Yote matatu ni kweli. Lakini ambukizo linaeleza kwa nini serikali ilianza na magonjwa hayo. Halielezi kwa nini iishie hapo, kwani familia iliyompoteza mlezi wake kwa kiharusi haikupata hasara ndogo kuliko iliyompoteza kwa kifua kikuu. Kuhusu fedha, wafadhili walilipia dawa, mashine na mishahara. Swali halikulipiwa na mtu. Na kama dawa za presha si za bure, hiyo ni sababu ya kuuliza zaidi, maana uwezekano kwamba hazikununuliwa ni mkubwa zaidi.

Pingamizi la pili ni la watumishi, nalo lina uzito. Tabibu wa zahanati ya Uyui anayeona foleni ndefu peke yake hawezi kuwa mpelelezi wa vidonge. Sikubaliani na wanaolijibu hili kwa kuwataka watumishi wajitume. Wameshajituma vya kutosha. Jibu ni kwamba kazi hii haikuwahi kuwa ya daktari. Jaribio lililofanyika Temeke na kuchapishwa mwaka 2004 liligawa wagonjwa wa kifua kikuu makundi mawili, wengine wakisimamiwa kituoni na wengine na mtu wa nyumbani au jirani, na matokeo yalilingana. Ndiyo maana baadaye nchi ilimruhusu mgonjwa achague mwenyewe nani amsimamie. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Kama hao watapita nyumba kwa nyumba wakiuliza kuhusu vyoo na vyandarua, nadhani wanaweza kuuliza pia kama bibi mwenye kisukari amepata dawa zake za mwezi.

Simu nayo inasaidia, ingawa si kwa kiasi kinachotangazwa. Nchini Kenya, kati ya 2007 na 2008, wauguzi wa kliniki tatu waliwatumia watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi ujumbe kila wiki wenye neno moja tu, "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya siku mbili; aliyesema shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa. Kati ya washiriki 538, asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walisema wanafuata dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wasiotumiwa, na tofauti ilionekana hata kwenye vipimo vya damu. Ujumbe haukuwakumbusha kumeza chochote. Uliuliza hali. Jaribio la baadaye, la Kibera, lililotazama kama ujumbe wa aina hiyo huwafanya watu wabaki kwenye huduma, halikuona tofauti, na ni vizuri tukalisema hilo wazi kabla hajaja mtu kutuuzia programu. Simu hubeba swali. Kama ng'ambo ya pili hakuna muuguzi mwenye muda na dawa, swali linabaki swali.

Hapo ndipo linapoingia pingamizi ninaloliona zito kuliko mengine. Mtu atasema: watu hawachukui dawa kwa sababu hazipo na hela haipo, kuna faida gani kuwauliza maswali ambayo jibu lake tunalijua? Mkoa wa Tabora unaufahamu mjadala huo toka zamani. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, kabla haujawekewa sheria mwaka 2001, kwa wazo kwamba kaya ikichangia mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno, haitakwama wakati wa ugonjwa. Watafiti walioufuatilia Igunga walikuta wanachama wakipata huduma kwa urahisi kuliko wasio wanachama. Hata hivyo, kila ulipopelekwa, lalamiko lililorudi tena na tena lilikuwa hilohilo: tumechangia, tumefika, tumeambiwa dawa tukanunue nje.

Lakini "tunalijua" ni neno kubwa. Tunajua kwa jumla. Hatujui dawa ipi, kituo kipi, mwezi upi. Kituo huagiza dawa kwa kuangalia kilichotumika, yaani kilichotoka dirishani. Upo utaratibu wa kufidia siku ambazo dawa iliisha kabisa, nao unasaidia kwa dawa ambazo kituo huwa nazo. Haugusi dawa ambayo daktari huiandika kila wiki na kituo hakijawahi kuiagiza. Hiyo haina siku za kuisha, kwa sababu haikuwahi kuwapo. Vyeti vyake vinatoka nje ya geti na mahitaji yake yanatoka navyo. Mwaka ukiisha, karatasi zinaonyesha kwamba wilaya haina haja nayo. Kutokuuliza kunaficha uhaba, na kunatengeneza takwimu zinazouhalalisha. Ndiyo maana nasema wa kwanza kufaidika na swali hili si mgonjwa bali mwenye kuagiza.

Jambo la kushangaza ni kwamba pale penye fedha, tumeshajifunza kufuatilia. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, haulipi dawa ambayo mwanachama hakusaini kuipokea, na dawa iliyokosekana hospitalini ina utaratibu wake wa kuchukuliwa kwenye duka lililosajiliwa na Mfuko. Kwa hiyo taarifa ya nani amechukua nini ipo tayari, imehakikiwa, tena na watu makini. Inapelekwa kwa mhasibu. Kwa daktari aliyeandika dawa hairudi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 itazidisha madai ya aina hiyo mara nyingi, na sasa, kabla mifumo haijakauka, ndiyo wakati wa kuamua kama taarifa hizo zitakuwa za kulinda mfuko tu au pia za kumtibu mtu.

Wapo wanaohofia kwamba tunamgeuza mgonjwa mtuhumiwa. Hofu hiyo siidharau. Mtu mzima ana haki ya kukataa dawa, na wapo wanaoacha kuchukua kwa sababu zenye akili: madhara waliyoyaona, ushauri wa mganga wa jadi wanayemwamini, au duka la kijijini ambalo muuzaji wake ni shemeji na dawa yenyewe inataja ugonjwa. Kuna na hili: ukimuuliza mtu "umemeza dawa?" kwa sauti ya mwalimu wa zamu, atasema ndiyo hata kama hakuonja. Kwa hiyo namna ya kuuliza ni nusu ya kazi. "Kati ya hizi tatu, zipi ulifanikiwa kupata?" ni swali linalochukulia tangu mwanzo kwamba kukosa kunawezekana na si aibu. Mgonjwa anayesema sikuipata hii anapaswa kuona jibu lake linabadilisha kitu palepale: daktari anashuka kwenye dawa ya bei nafuu iliyo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu, anapunguza dawa tatu kuwa moja ya maana zaidi, au anampa barua ya ustawi wa jamii. Akiona limeishia hewani, mara ya pili atadanganya, na atakuwa na haki.

Kwa vitendo, haya hayahitaji mradi wenye uzinduzi na fulana. Rejista ya wagonjwa wa nje ya MTUHA, mfumo wa taifa wa taarifa za afya, kitabu namba 5, tayari ina nafasi ya jina, umri, ugonjwa na tiba. Inahitaji safu moja zaidi, na GoTHOMIS kisanduku kimoja: mgonjwa wa marudio alipata zote, baadhi, au hakupata. Ianze na kliniki za presha na kisukari peke yake, kwa sababu wagonjwa wake wana tarehe za kurudi. Kila mara timu ya afya ya halmashauri inapokaa kupitia maombi ya dawa kabla hayajakwenda Bohari, safu hiyo iwekwe mezani kando ya orodha ya vilivyotumika, na kila dawa iliyoandikwa mara nyingi na kupatikana mara chache itolewe maelezo na mfamasia wa wilaya, kwa jina.